Maswali na Majibu: Kumlinda Anayewaza Kujiua

Nikimwuliza mtu kama anawaza kujiua, si nitamtia wazo ambalo hakuwa nalo?

Hapana. Swali hili linarudi kila mara kwa maneno yaleyale, na kila linaporudi najua kuna mtu mahali fulani hajaulizwa. Watafiti wamelipima: kuuliza hakupandi mbegu, na wengi huhisi wametuliwa mzigo. Uliza waziwazi, "Unawaza kujiua?" Usiseme "Huwezi kufanya ujinga huo, au sio?" Hapo umeshamwonyesha jibu unalotaka, naye atakupa hilohilo.

Mdogo wangu alijaribu kujiua. Ametoka hospitali, hataki kusikia habari za daktari wala mshauri. Kuna tiba mbadala?

Pole sana. Ila neno "mbadala" linanitia hofu, kwa sababu mara nyingi familia hulitumia kufunga mlango wa hospitali. Mimi nasema nyongeza. Na nyongeza ninayoiamini kuliko zote ni mtu anayerudi kumjulia hali bila kumdai kitu.

Mwaka 1969, huko San Francisco, daktari wa magonjwa ya akili Jerome Motto alianza kuwafuatilia watu waliolazwa kwa sonona au hatari ya kujiua. Kati yao, 843 walikataa matibabu au waliyaacha, kama mdogo wako. Wakagawanywa kwa kura: wengine hawakuandikiwa, wengine wakapata barua fupi mara 24 katika miaka 5. Barua hizo hazikuuliza habari za dawa wala kliniki. Zilisema tu: tunakukumbuka, tunatumaini u mzima, ukipenda kutuandikia tutafurahi. Katika miaka 2 ya mwanzo waliojiua walikuwa wachache zaidi kwa walioandikiwa. Majaribio ya baadaye hayakutoa matokeo hayo kila mara, lakini kazi yenyewe haigharimu kitu na haimwumizi mtu.

Basi mtumie ujumbe leo, na wiki ijayo, na mwezi ujao hata asipojibu. Wiki za kwanza baada ya kutoka hospitali ndizo za hatari zaidi, na ndizo wageni huacha kuja. Suala la daktari lirudishe taratibu; jitolee kumsindikiza.

Dawa za mitishamba je?

Mmea maarufu wa huzuni, Hypericum perforatum, ukichanganywa na dawa za sonona unaweza kuleta sumu mwilini. Pia hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na baadhi ya dawa za VVU. Mwambie daktari kila anachokunywa. Na asiache dawa ghafla kwa sababu jirani amesema.

Tumemwandikisha ahadi kwamba hatajiua. Inatosha?

Haitoshi. Ahadi huwatuliza mnaoipokea, na yeye ikimlemea huificha aibu yake. Andikeni mpango wa usalama, kama ule uliobuniwa na wanasaikolojia Barbara Stanley na Gregory Brown, kwa maneno yake mwenyewe. Niliwahi kuonyeshwa mmoja: karatasi iliyokunjwa mara nne, imechakaa kwenye mikunjo. Juu kabisa pameandikwa ishara yake ya hatari: "nikianza kuzima simu." Chini yake, mambo mawili yanayomtuliza, watu watatu wa kupigia kwa mpangilio, halafu daktari. Mstari wa mwisho ulitaja nani anatunza dawa za nyumbani. Huo msiuruke: vitu vya hatari vikiwa mbali, saa mbaya hupata nafasi ya kupita.

Maombi na mazoezi vinasaidia?

Ndiyo, mradi asiambiwe kwamba anaumwa kwa kukosa imani.

Rafiki yangu amenieleza ana nia na amepanga siku. Kaniapisha nisimwambie mtu. Nifanyeje?

Vunja kiapo, sasa hivi. Usimwache peke yake, mwambie mtu mzima mwingine unayemwamini, pigeni simu ya dharura au mpelekeni hospitali iliyo karibu. Mwambie wazi kwamba umesema na kwa nini. Atakasirika, kaa naye hivyohivyo.