Kamera ya zawadi, zumu ya 25x na picha za Kitunda zenye chenga

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Lindi mjini. Mdogo wangu anayefanya kazi Ujerumani alikuja likizo akaniachia zawadi ya kamera, Canon PowerShot SX620 HS. Alikuwa ameitumia yeye mwenyewe kidogo, lakini ni safi, haina hata mkwaruzo. Tangu arudi huko haishi kuniuliza kwa meseji, "Dada, kamera unaionaje?" Nami sijui nimjibu nini bila kumvunja moyo. Mchana nikipiga wanafunzi uwanjani, picha zinapendeza. Nikisimama ufukweni nikavuta zumu mpaka mwisho ili nipige vyombo vinavyovuka kwenda Kitunda, ng'ambo ya maji, picha inatoka kama imepakwa rangi ya maji, na jioni inajaa chenga. Ndani ya nyumba ndiyo kabisa, simu yangu inaishinda. Mume wangu anasema nimeletewa kitu kilichopitwa na wakati. Je, kamera ni mbovu, tatizo ni mimi, au ndivyo ilivyo? Na hii chumvi ya pwani haitaiua?

JIBU: Mwalimu, kamera yako ni nzima. Unaidai kazi mbili zisizo zake, na ile iliyo yake unaifanya kwa kupitiliza. Nitaanza na Kitunda kwa sababu hapo ndipo penye mambo. Ya kadi na chaja nitayapitia mbio.

Tazama duara la mbele la lenzi. Pameandikwa 4.5–112.5 mm, kisha 1:3.2–6.6. Gawanya 112.5 kwa 4.5, utapata 25. Ndiyo hiyo 25x inayosifiwa kwenye boksi. Ukigeuza kwa kipimo kilichozoeleka cha filamu ya milimita 35, lenzi inaanzia milimita 25 na kuishia 625. Kamera kuu ya simu nyingi iko kwenye milimita 24 hadi 26. Maana yake kamera yako inaanza pale simu ilipo, halafu inakwenda mbali sana kwa vioo vyenyewe kusogea. Simu za kawaida hazina lenzi ya kufika huko. Hiyo ni zumu ya kweli.

Ila vioo vikifika mwisho, wewe ukaendelea kubonyeza, kamera haikatai. Inakata kipande cha katikati ya picha, inakikuza, inakuonyesha kana kwamba umesogea. Hiyo ni zumu ya kidijitali, na kwenye modeli yako inaongeza mara 4, ndiyo maana unaweza kuiona namba 100 kwenye skrini. Piga hesabu: ukikata robo ya upana na robo ya kimo, unabaki na sehemu 1 kati ya 16. Megapikseli 20, yaani nukta milioni 20 zinazounda picha, zinakuwa moja na kitu. Zilizobaki kamera inazibuni kwa kulainisha jirani na jirani, na huko ndiko inakotoka hiyo rangi ya maji yako. Ingia kwenye menyu ya upigaji, tafuta kipengele cha zumu ya kidijitali, kizime leo hii. Hupotezi kitu, kwani kukata picha unaweza kukata mwenyewe baadaye kwenye simu, kwa utulivu, ukiwa bado na picha nzima mkononi.

Ukishaizima, picha itakuwa bora, lakini usitegemee kumtambua abiria aliyekaa kwenye tezi. Kwa lenzi hiyo ikiwa imevutwa mpaka mwisho, kitu kilicho umbali wa mita 1,000 kinaonekana ndani ya fremu yenye upana wa mita 55 hivi. Mashua ya mita 8 itachukua kama sehemu ya saba ya picha. Mtu aliyesimama ndani yake anapata pikseli kama 160 kuanzia unyayo hadi utosi. Utaona kwamba amevaa shati jekundu na ameshika upondo. Kwamba ni mtoto wa nani, hapana.

Na hata hizo pikseli 160 hazifanyi kazi zote. Mwanga ukipita kwenye tundu dogo hutawanyika, na mwisho wa zumu tundu la lenzi yako ni f/6.6, yaani dogo. Hapo nukta moja ya mwanga inatua kwenye sensa, kile kibao cha ndani kinachopokea picha, ikiwa na upana wa takriban maikromita 9, wakati pikseli moja ina upana wa maikromita 1.2. Nukta moja inasambaa juu ya pikseli saba kwa upana. Wauzaji huandika megapikseli 20 kwa herufi kubwa na hili hawaligusi. Kwa hiyo ukifungua picha kwenye kompyuta ukaikuza mpaka uone chembe moja moja, unajitesa bure. Itazame kwa ukubwa wa kadi ya posta, au itume kwa WhatsApp, itakuwa safi tu.

Kuna adui mwingine ambaye hakuna lenzi inayomweza: hewa yenyewe. Saa sita mchana, hasa miezi ya kaskazi joto linapopamba, hewa iliyo juu ya mchanga na maji huchemka na kupinda mwanga. Nyumba za ng'ambo zinacheza, mlingoti wa jahazi unakuwa na mawimbi. Watu huleta kamera kwangu wakisema fokasi imekufa, kumbe walipiga saa saba mchana. Dawa yake ni kupiga mapema kabla jua halijapata nguvu. Lakini pwani yetu inatazama mashariki, kwa hiyo asubuhi jua linatokea baharini na kukupiga usoni, na vyombo vinakuwa vivuli vyeusi. Jioni jua liko mgongoni mwako, rangi za tanga zinawaka, ila hewa bado ina joto la mchana. Hapo huna budi kuchagua. Mimi kwa upande wangu nachagua saa kumi na moja jioni baada ya mvua kukatika, hewa ikiwa imeoshwa. Vivuli vyeusi vya alfajiri navyo ni vizuri, mradi uvitake vyenyewe na usitake kuona nyuso.

Sasa chenga. Zile namba 3.2 na 6.6 ni ukubwa wa tundu la mwanga, na namba kubwa ni tundu dogo. Ukiwa hujavuta, lenzi iko f/3.2, ukivuta mpaka mwisho inashuka hadi f/6.6, na mwanga unaoingia ni kama robo tu ya ule wa mwanzo. Jioni mwanga wenyewe tayari ni haba. Halafu mtikisiko wa mkono nao umekuzwa mara 25 pamoja na picha. Kanuni ya zamani ya wapiga picha inasema kwa milimita 625 uwe na kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, isiyopungua 1/625 ya sekunde. Kamera yako ina kizuia mtikisiko ndani ya lenzi, kwa hiyo mkono uliotulia unaweza kushuka mpaka karibu na 1/80. Kamera ikiona haipati hata hiyo, inapandisha ISO, yaani inakuza umeme dhaifu wa sensa pamoja na uchafu wake. Sensa yenyewe ni milimita 6.2 kwa 4.6, ndogo kuliko ukucha wa kidole chako cha mwisho. Ikilazimishwa kwenda ISO 1600 au 3200, chenga ni lazima.

Fanya hivi. Weka kamera kwenye hali ya upigaji iitwayo P, si ile otomatiki kamili, kwa sababu P inakuruhusu kuchagua ISO mwenyewe. Mchana weka 100 au 200. Jioni usivuke 800, na ukiona picha zinatikisika, punguza zumu kabla hujapandisha ISO. Ukirudi nusu ya safari tundu linapanuka na mtikisiko unapungua, unapata mara mbili. Egemea mnazi, au ilaze kamera juu ya ukuta ukiwa umeweka kipima saa cha sekunde 2 ili kidole chako kisiisukume. Ukimaliza, fungua picha na bonyeza kitufe cha maelezo, usome kasi ya shata na ISO zilizotumika. Ukifanya hivyo kwa wiki moja utaanza kujua kabla hujapiga kama picha itatoka.

Jambo moja watu hulichanganya. Kizuia mtikisiko kinatuliza mkono wako, hakimtulizi unayempiga. Mwanafunzi anayekimbia mita 100 anahitaji 1/500 au zaidi, hata kamera ikiwa juu ya tripodi. Ndiyo maana picha zako za uwanjani zinapendeza. Ni mchana, mwanga upo tele, kamera inajipatia kasi yenyewe.

Kuhusu ndani ya nyumba, mume wako yuko sahihi, nusu. Kamera hiyo ilitoka mwaka 2016. Simu za leo hupiga fremu kadhaa kwa mpigo mmoja na kuziunganisha ili kufuta chenga, na nyingi zina sensa kubwa kuliko hiyo. Canon yako kwa kawaida inapiga fremu moja, inaisafisha kidogo, basi. Flashi yake inafika mita 3 au 4. Kwenye ukumbi wa harusi itamulika migongo ya watu wa mbele na kuwaacha maharusi gizani. Kwa hiyo sherehe za usiku, chakula mezani, watoto sebuleni, chukua simu wala usione haya.

Nusu nyingine mume wako hajaiona. Kwanza kuna picha za sura. Ukimpiga mtu kwa simu kwa karibu, pua inavimba na masikio yanakimbilia nyuma, kwa sababu umesogea mno. Rudi nyuma hatua nne au tano, vuta zumu kufika mara 3 hadi 5 tu, na uso unakaa kama ulivyo. Hapo tundu bado halijawa dogo sana na picha ni kali. Nikiulizwa mimi, hiyo ndiyo kazi bora ya kamera hii kuliko hizo safari za Kitunda. Mahafali ya shule mchana, ngoma uwanjani ambako hutaki kuwasogelea wachezaji na kuwaharibia, ndege kwenye mikoko ya mto Lukuledi, nyangumi wanaopita pwani ya Mtwara kati ya Julai na Novemba, kote huko simu ya kawaida itakupa nukta. Ukiwapeleka wanafunzi Kilwa Kisiwani pia itakufaa kwa nakshi zilizo juu ya kuta, ila magofu mazima yapige kwa simu ukipenda.

Chumvi. Haitaiua kwa siku moja, lakini kamera za aina hii zina udhaifu mmoja: lenzi inatoka na kuingia ndani ya mwili, na haijafungwa dhidi ya maji wala vumbi. Kila inapotoka na kurudi inaweza kumeza mchanga. Chembe moja ikikwama kwenye pete za lenzi, skrini inaandika kosa la lenzi na kamera inazima. Ikikutokea, toa betri, pumzisha, jaribu tena. Usiivute lenzi kwa vidole, maana yale meno ya plastiki yaliyomo ndani yakivunjika, gharama ya fundi inaweza kuzidi thamani ya kamera. Upepo wa kusi ukivuma ufukweni, iwashe ukiwa umeipa upepo mgongo, piga, zima, rudisha kwenye mkoba. Ukifika nyumbani, puliza mchanga kwanza kwa kile kipira cha kupulizia, kisha futa mwili kwa kitambaa laini kilicholowanishwa kidogo kwa maji baridi yasiyo na chumvi na kukamuliwa sana. Kioo kifute kwa kitambaa cha miwani. Ncha ya khanga hapana. Uzi wake unaweza kuwa na mchanga usiouona.

Unyevu ndio ninaouogopa zaidi kuliko chumvi. Kamera ikikaa miezi kabatini kwenye mkoba wake, masika yakapita juu yake, kuvu huota ndani ya vioo, na hiyo kuitoa ni kufungua lenzi nzima. Iweke kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu na mikoba. Vikizeeka havinyonyi tena, vibadilishe. Mchele ambao watu wanaushauri unaacha vumbi la wanga. Na itumie, kamera inayotumika mara kwa mara haishikwi kirahisi.

Kadi: GB 32 inakutosha, inabeba picha zaidi ya 3,000. Za bandia zipo madukani, nyingine zinaandikwa ukubwa usiokuwemo, kwa hiyo ijaze mara moja kwa faili za kompyuta na uzifungue zote kabla hujaiamini kwa mahafali. Chaja ya Ujerumani ina pini mbili za duara. Soma maandishi ya nyuma. Ikisema 100–240V, unahitaji adapta ya plagi tu, si transfoma. Picha unaweza kuzihamishia kwenye simu kwa Wi-Fi kupitia programu ya Canon Camera Connect, bila waya.

Mdogo wako mwambie hivi: mchana na kwa mbali inafanya kisichowezekana kwa simu, sura za watu zinatoka vizuri kwa zumu ndogo, usiku na ndani unatumia simu. Hakuna cha kumvunja moyo hapo. Aliyeitumia mwenyewe ataelewa. Na kwa kuwa ameuliza, mwombe betri ya pili, NB-13L. Kwa kipimo cha kiwandani moja inapiga picha karibu 295, na kuvuta zumu huku na huku kunaila haraka zaidi. Akija tena aje nayo, na iwe ya Canon yenyewe.