Mdogo wangu kiungo, omba nakala ya mkataba wako

Wiki iliyopita, siku ya mwisho ya dirisha la usajili, nilipata ujumbe kwenye simu saa tatu kasoro usiku. "Kaka shikamoo. Mimi ni kiungo, namba nane, nina miaka 19, nacheza Championship. Timu ya Ligi Kuu inanitaka. Nipo nao hapa hotelini, wanasema nisaini sasa hivi kabla dirisha halijafungwa. Nisaini?"

Niliusoma mara mbili, kisha nikatoka nje kupunga hewa. Maneno yale yale niliyowahi kuambiwa mimi, hoteli ile ile kwa namna fulani, na umri karibu ule ule. Nilimjibu kwa kifupi: omba nakala, soma kurasa zote, ndipo usaini. Lakini jibu fupi halitoshi, na najua wengi mnaonisoma hapa mnaitafuta njia hiyo hiyo. Nitaeleza yaliyonipata, yote.

Mimi ni mtoto wa Morogoro. Mpira nimeuanzia kwenye vumbi, nikapita UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, nikapita UMISSETA ya sekondari, nikacheza ndondo mpaka viwanja vyote vya mtaani vikanijua. Wenzangu walitaka kuwa mastraika. Mwalimu akaniweka namba sita, kwa sababu nilikuwa naona mpira unakokwenda kabla haujafika. Mtaani wakaniita mkata umeme, na jina lile nililistahili.

Novemba 7, 2012 nilikuwa kwenye banda umiza, karibu saa tano usiku, Celtic ya Scotland wakicheza na Barcelona. Dakika ya 21 ikapigwa kona, Victor Wanyama akapanda akafunga kwa kichwa. Mtoto wa Nairobi, kiungo mkabaji, anawafunga Barcelona! Celtic walishinda 2-1 na banda zima likalipuka. Mwaka uliofuata Wanyama akaenda Southampton ya England, baadaye Tottenham. Mimi nilirudi nyumbani kwa miguu, sikulala. Nilikuwa na miaka 19 na niliona imebaki zamu yangu tu.

Katikati ya 2013 zamu ikaja. Timu sitaitaja. Usiku wa mwisho wa usajili niliitwa hotelini pamoja na mjomba, amevaa suti yake ya Kaunda aliyoivaa kwenye harusi ya dada. Mezani kulikuwa na soda, karanga, na karatasi zimekunjwa kwa nyuma, inaonekana sehemu ya saini peke yake. "Hapa, hapa, na hapa." Nikaambiwa ni miaka miwili. Pesa ya usajili milioni nane, nimepewa tatu, zilizobaki "wiki ijayo". Nikamwaga wino.

Nilitaka kuomba nakala. Neno lilifika mdomoni kabisa. Lakini aliyekuwa mbele yangu ni mzee wa rika la marehemu baba, ananiita mwanangu, amenimiminia soda kwa mkono wake. Nikaona kumwomba karatasi ni kama kumwambia mbele ya mjomba kwamba simwamini. Sisi tumelelewa hivyo: mkubwa akisema, mdogo anaitikia. Nikasema, "Asante mzee." Maneno mawili hayo yamenigharimu kuliko rafu yoyote niliyowahi kuchezewa.

Zile milioni tatu nilinunua bati za nyumba ya mama. Mpaka leo mvua ikinyesha nikiwa kwake nazisikia, na najua ni za miguu yangu. Hilo hakuna atakayeniondolea.

Msimu wa kwanza ulikwenda vizuri, niliingia kikosi cha kwanza mapema na sikutoka. Wa pili mishahara ikakatika. Ijumaa tunaambiwa Jumatatu, Jumatatu tunaambiwa wadhamini bado. Nilifika miezi mitano nadai, na bado nacheza dakika tisini. Nilijipa moyo kwamba mkataba unaisha 2015, nitaondoka mchezaji huru.

Na kweli mlango ukafunguka. Bwana mmoja wa Zanzibar anayeishi Muscat alikuwa ameniona kwenye mechi, akaniunganisha na timu ya Oman. Nikaenda majaribio siku kumi. Nilicheza mpira pale ambao sijawahi kuucheza tena. Kocha akanishika bega, akasema wananichukua. Nikampigia mama simu, akalia.

Ili mchezaji ahame kutoka nchi moja kwenda nyingine, shirikisho la kule linaomba hati ya uhamisho wa kimataifa kwa shirikisho la huku. Hati haikutoka. Jibu lilikuwa kwamba mchezaji huyu ana mkataba hadi 2017. Miaka minne! Saini ilikuwa yangu, sikuweza kuikana. Ukurasa wenye miaka sikuwahi kuuona. Nilikwenda klabuni nikaomba kuusoma, nikaoneshwa kwa mbali, mtu ameushika mkononi, kama mtoto anayeoneshwa pipi. Mjomba akabaki anasema, "Lakini walituambia miwili." Ya kuambiwa hayana muhuri.

Oman wakachukua kiungo mwingine. Mimi nikarudi kukaa jukwaani, kwa sababu aliyejaribu kuondoka hapangwi. Nikiwa sina mshahara nikaanza kucheza ndondo kwa siri, elfu thelathini kwa mechi. Kwenye mechi moja ya namna hiyo goti likageuka, kano ikakatika. Nilikuwa na miaka 22. Sikuwa na bima, na klabu ikasema haikunituma mchangani.

Watu wananiambia nisamehe nisonge mbele. Nimesonga. Nafundisha vijana chini ya miaka 17 hapa Morogoro na watatu tayari wako Ligi Kuu. Lakini bado inaniuma, na sioni aibu kusema.

Sasa nisikilize, wewe uliyekaa na karatasi mbele yako. Kuomba nakala si utovu wa adabu. Kiongozi mwenye nia njema atakupa bila kukunja uso. Anayekasirika kwa kuombwa karatasi ameshakuonesha alichokusudia. Soma miaka. Soma mshahara na tarehe ya kulipwa. Soma kipengele cha kuvunja mkataba, na kama hakipo, omba kiwekwe sasa, kabla ya saini, kwa kuwa baada ya saini hakuna anayekuhitaji tena. Hujui Kiingereza cha mkataba? Mpelekee mwanasheria, au mwalimu wako wa sekondari. Usimpelekee aliyekuandalia.

Mtu ataniambia hayo ni ya wadogo, nyota hayawapati. Mwangalie Feisal Salum, Fei Toto, kiungo ambaye nchi nzima inamjua. Desemba 2022 alitangaza kuondoka Yanga, akaweka fedha za kuvunja mkataba kwenye akaunti ya klabu. Januari 2023 kamati ya TFF, shirikisho letu la mpira, ikaamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga. Nusu msimu ulipita hachezi, mpaka katikati ya mwaka klabu zilipokubaliana akaenda Azam. Sihukumu nani alikuwa na haki. Ninachosema ni kwamba kipaji kile chote kilisubiri karatasi isomwe. Msimu uliofuata akafunga mabao 19, mtu wa kiungo! Fikiria angekuwa kijana asiye na jina wala wakili. Angekuwa wapi?

Na sheria zipo, mdogo wangu, zijue. Kanuni za FIFA haziruhusu mkataba wa zaidi ya miaka mitano, isipokuwa sheria za nchi ziwe zinaruhusu, na ukiwa chini ya miaka 18 mwisho ni mitatu. Ukibakiza miezi sita au pungufu, una haki ya kusaini na timu nyingine. Tangu 2018 kuna kifungu kwamba klabu isipokulipa mishahara ya miezi miwili, unaiandikia kuitaka ilipe, unaipa siku zisizopungua 15, na isipolipa una sababu halali ya kuvunja mkataba. Mimi nilidai miezi mitano 2015, kifungu hicho hakikuwepo. Wewe unacho. Lakini utaandika barua gani kama huna nakala inayoonesha mshahara wako ni kiasi gani?

Wakala naye mwulize leseni. Tangu 2023 FIFA imerudisha mitihani ya mawakala. Anayekuomba wewe pesa ya kukutafutia majaribio Ulaya, mkimbie. Novatus Miroshi alitoka Azam akaenda Israel, Ubelgiji, akacheza Ligi ya Mabingwa Ulaya na Shakhtar Donetsk mwaka 2023. Njia ipo, na hupitwa na watu ambao karatasi zao ni safi.

Narudia, na nitarudia mpaka mnichoke: omba nakala. Ukipewa, ipige picha, mtumie mama, mtumie mtu mmoja usiyegombana naye.

Yule kijana wa hotelini alinijibu saa nne na dakika ishirini. "Kaka, mzee amenuna lakini ameniruhusu nipige picha." Zikaingia picha nne. Nilizikuza moja moja. Chini ya kila karatasi kulikuwa na namba: 1, 3, 4, 5.

Nikamwandikia: "Ukurasa wa pili uko wapi?"

Tiki mbili, zikageuka bluu. Dirisha lilifungwa saa sita usiku. Simu yake imezimwa mpaka leo. Mdogo wangu, kama unasoma hapa, nipigie, hata kama umeshasaini.