Fosfeti 5 kwenye tangi la samaki: anza na chakula

Ndugu wa Ntinda, umeuliza kwa nini fosfeti (chumvi ya fosforasi, inayolisha mwani) inasoma miligramu 5 kwa lita na kioo kimeota mwani, ilhali unabadilisha maji kila wiki. Mimi namshuku huyo mukene (dagaa) unayemsaga mwenyewe kuwalisha samaki. Husagwa mzima na mifupa yake, na mifupa imejaa fosforasi. Vumbi lisiloliwa linatulia kwenye changarawe na kuozea humo. Chekecha, tupa ule unga laini, lisha kiasi kinachoisha kwa dakika mbili. Siku moja ya kufunga kwa wiki haimdhuru samaki mkubwa mwenye afya, hata akikuombaomba kiooni (wote ni waigizaji).

Halafu pima maji ya bomba kabla hayajaingia tangini. Yakisoma 0.5, kubadilisha asilimia 30 kunakushusha hadi kama 3.7 tu, kwa hiyo rudia kila baada ya siku mbili tatu, huku ukinyonya uchafu wa changarawe kwa mpira. Yakisoma 3, utabadilisha mpaka uchoke. Hapo kinga maji ya mvua, uyachanganye kidogokidogo. Kuchemsha hakusaidii, fosfeti haiondoki na mvuke. Mkaa wa kichujio nao hauiondoi.

Punje za oksidi ya chuma, zile zinazonasa fosfeti, waachie wafugaji wa matumbawe, kwanza ni ghali. Na usikimbilie sifuri: una mimea, nayo inakula fosfeti. Ikifika kati ya 0.5 na 1, mimi ningeiacha hapo.