Tairi Pana kwenye Rimu Nyembamba: Kosa Langu la Autokrosi

Seti yangu ya kwanza ya rimu za mashindano niliinunua kwa sababu ilikuwa inang'aa. Nilikuwa na Mazda Miata ya 1994, ile ambayo Wajapani waliiuza kwao kwa jina la Eunos Roadster, na nilikuwa nimeshiriki autokrosi mara mbili tu hapa Minnesota. Jamaa mmoja alikuwa anauza rimu nne za inchi 15, upana inchi 7, zikiwa tayari zimefungwa tairi za 225/45R15. Gari langu lilikuja na 185/60R14 kwenye rimu za upana wa inchi 6. (Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi.) Nikapiga hesabu ya haraka: 225 toa 185, milimita 40 za mpira wa ziada kwa kila gurudumu, kwa bei ya kutupa. Nikalipa, nikapakia, nikaenda nyumbani nikipiga mluzi.

Wikendi iliyofuata nilikuwa wa mwisho katika daraja langu, yaani kundi la magari yanayoshindana pamoja. Na daraja lenyewe halikuwa lile nililodhani nimo.

Kwa ambaye hajaona mchezo huu: hapa Marekani autokrosi huchezwa juu ya lami au zege, kwenye maegesho makubwa au uwanja wa ndege usiotumika. Njia huchorwa kwa koni za rangi ya chungwa, magari hukimbia moja moja, na mzunguko huisha kwa takriban dakika moja, mara nyingi bila kuiacha gia ya pili. Ukiangusha koni unaongezewa sekunde 2. Mbio nyingi huandaliwa na SCCA (Sports Car Club of America), klabu ya tangu 1944, na fainali zake za taifa hufanyika Lincoln, Nebraska, kila Septemba. Mtu wa kawaida kama mimi anapata mizunguko minne au mitano kwa siku, yaani dakika tano za mchezo kwa siku nzima ya jua. Ndiyo maana kosa la tairi linauma. Huna muda wa kulizoea.

Kosa langu la kwanza halikuwa la kifundi. Sikusoma kanuni. Katika madaraja ya Street ya SCCA unaruhusiwa kubadilisha kipenyo cha rimu kwa inchi moja juu au chini, lakini upana lazima ubaki ule gari lilikuja nao kutoka kiwandani. Miata yangu ingeweza kuvaa rimu ya inchi 15 kwa 6 na ikabaki Street. Kwa 15 kwa 7 nilijihamisha mwenyewe hadi Street Touring, kwenye daraja la STS, ambako wenzangu wana shokapu za kurekebishwa, springi ngumu na magurudumu yaliyolazwa kwa ndani kama miguu ya meza ya kukunja. Mimi nilikuwa na shokapu zilizotoka kiwandani mwaka gari lilipotoka. Mzee mmoja aliyekuwa anakagua magari alitazama rimu zangu, akanitazama mimi, akaniuliza kama najua nimesajiliwa wapi. Sikujua.

Basi ukitaka ushauri wangu wa kwanza: fungua kijitabu cha kanuni cha mwaka huu kabla hujafungua tovuti ya tairi. Tafuta vitu vinne kuhusu daraja lako: upana wa rimu, upana wa tairi, ofuseti (nitaieleza chini), na kiwango cha uchakavu. Hicho cha mwisho ni namba iliyochongwa ubavuni mwa tairi baada ya neno TREADWEAR, na kwa madaraja ya Street isipungue 200. Kwa STS, nilipoingia, mwisho wa rimu ulikuwa inchi 7.5 na mwisho wa tairi 225. Kanuni hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo usiniamini mimi, soma mwenyewe.

Sasa kosa la pili, ambalo ndilo lililonifundisha zaidi.

Inchi 7 ni milimita 178. Tairi ya 225 ina upana wa milimita 225, ukipima ubavu hadi ubavu. Watengenezaji wa tairi za ukubwa huo kwa kawaida huruhusu rimu kuanzia inchi 7, kwa hiyo nilikuwa ndani ya sheria, ila pembeni kabisa ya ukuta. Ubavu wa tairi ulikuwa umebanwa, umebinuka kama puto lililominywa kati ya vidole. Nikikata usukani, rimu inakwenda, mpira unabaki nyuma kidogo, kisha unakuja kwa pamoja. Kwenye mstari wa koni za zigizaga, ambapo unageuza kushoto na kulia mara tano mfululizo, nilikuwa nachelewa kila koni. Nikidhani ni uzembe wangu, nikawa nakata usukani zaidi. Bega la nje la tairi likaanza kulika na katikati ikabaki mpya.

Mwenzangu mmoja mwenye Miata ya umri uleule alikuwa na 205/50R15 kwenye rimu ya inchi 7.5. Tairi nyembamba kuliko zangu kwa milimita 20, na alinipita kwa zaidi ya sekunde moja na nusu. Nikasema moyoni, huyu ni dereva bora tu. Ni kweli, ni bora. Lakini mchana alinikabidhi ufunguo, na katika mzunguko wangu wa kwanza ndani ya gari lake nilikata karibu sekunde moja kwenye muda wangu wa siku nzima. Gari lilikuwa linageuka nilipoliambia ligeuke. Shokapu zake zilisaidia, sikatai, lakini ile hali ya usukani kuzungumza na mikono mara moja ilitoka chini, pale mpira unaposhikana na chuma.

Watu wengi hudhani tairi pana inagusa ardhi kwa eneo kubwa zaidi. Fanya hesabu hii. Miata na dereva wake ni kama kilo 1,130, tuseme kilo 282 kwa kila gurudumu. Upepo wa psi 30 ni takriban kilo 2.1 kwa kila sentimita ya mraba. Gawanya: sentimita za mraba 134, ukubwa wa kiganja cha mtu mzima na vidole vyake vimeunganishwa. Si hesabu kamili, kwa sababu ubavu wa tairi nao hubeba mzigo kidogo, lakini inatosha kuonyesha kwamba eneo linaamuliwa zaidi na uzito na upepo. Upana unabadilisha umbo. Alama ya tairi ardhini yenye sentimita 16 kwa upana ina urefu wa sentimita 8 na kitu. Ukiipanua hadi 19, urefu unashuka hadi 7. Alama pana na fupi haijipindi sana wakati wa kona, mpira hautelezi mapema sehemu ya nyuma, na joto linasambaa. Hiyo ndiyo faida ya upana, na ni faida ya kweli. Lakini unaipata tu kama rimu inaushikilia ubavu wima. Ukiubana, kona ikija alama yako inaegemea bega moja, na zile sentimita ulizolipia zinaning'inia hewani.

Ndiyo maana siku hizi mtu akiniuliza anunue tairi gani, namuuliza rimu yake ina inchi ngapi. Zidisha inchi kwa 25.4. Rimu ya 6 ni milimita 152, ya 7.5 ni 190, ya 8 ni 203, ya 9 ni 229. Kwa lami na koni, napenda namba ya tairi isizidi namba ya rimu kwa zaidi ya milimita 20 au 25 kama kanuni zinaniruhusu. Kama hazikuruhusu, kama ilivyo Street na rimu yake ya inchi 6, basi unabana kwa sababu kila mtu anabana, na hapo 195/50R15 inaweza kukupa usukani mkali kuliko 205. Wapo wanaoshinda kwa 205 kwenye rimu hiyohiyo. Wana mikono mizuri kuliko yangu.

Jambo lingine kuhusu namba za ubavuni: 225 ya kampuni moja si 225 ya kampuni nyingine. Namba hiyo inapima ubavu hadi ubavu tairi ikiwa kwenye rimu ya upana maalum wa kupimia, haipimi sehemu inayokanyaga. Zipo 205 zinazokanyaga kwa upana karibu sawa na 225 za jirani. Tembea na futi kamba. Utaonekana kichaa ukichuchumaa kati ya magari ya watu unapima tairi zao, lakini mchezo huu umejaa vichaa wa aina hiyo.

Kipenyo usikisahau. 185/60R14 ina kimo cha milimita 578, 195/50R15 ina 576, 205/50R15 ina 586 na 225/45R15 ina 583 na nusu. Tofauti ndogo, lakini tairi fupi hufanya gia ya pili ivute zaidi kutoka kona, na ndefu hukupa kasi zaidi kabla injini haijagonga mwisho. Kwa Miata zote hizo zinakaa vizuri.

Ofuseti ndiyo iliyonigharimu rangi ya gari. Ni namba inayoandikwa ET nyuma ya rimu: umbali wa milimita kati ya mstari wa katikati ya rimu na uso unaofungwa kwenye habu. Miata ya kizazi cha kwanza ilitoka na ET45. Ukitoka inchi 6 hadi 7.5 kwa ET45 ileile, rimu inaongezeka milimita 19 kila upande, na ule wa ndani unaikaribia springi. Ukichagua ET35, ndani inaingia milimita 9 tu lakini nje inatoka 29, na huko nje kuna madigadi. Mimi nilifunga, nikatazama, nikasema inatosha. Kona ya tatu gari lililala, tairi ikakwangua ukingo wa madigadi ya nyuma, na harufu ya mpira ikanifuata hadi mstari wa mwisho. Ungefanya hivi badala yake: bandika utepe wa karatasi kwenye ukingo wa ndani wa madigadi, endesha polepole juu ya matuta huku umekata usukani hadi mwisho, kisha uone utepe umechanika wapi.

Nimelelewa Nakuru, na kwetu elimu ya tairi ilikuwa kinyume cha haya. Mjomba aliyenifundisha kutumia jeki hakuwa na imani na tairi pana. Alisema inapanda juu ya tope kama mtumbwi. Alikuwa sahihi kwa barabara zake. Magari ya WRC, mashindano ya dunia ya rali, yanayokuja Naivasha kwa Safari Rally huvaa rimu za inchi 15 na tairi nyembamba zenye meno, kisha magari yaleyale kwenye lami ya Ulaya huvaa inchi 18 zilizo pana. Juu ya vumbi unataka tairi ichimbe hadi ifike udongo mgumu. Kwa hiyo kama unakimbia autokrosi ya Kenya, ile ya vumbi pale Jamhuri Park, usifuate namba zangu za lami hata kidogo. Fuata za mjomba.

Mahali ambapo lami na mjomba wanakubaliana ni kwenye gari jepesi. Mzunguko wa dakika moja ni mfupi mno kwa tairi kubwa kupata joto chini ya kilo 1,050 za chuma. Asubuhi ya Aprili hapa Minnesota, lami ikiwa nyuzi 8, 225 zangu zilikuwa kama mbao hadi mzunguko wa tatu, wakati 205 zilianza kushika kwenye wa pili. Mwezi Julai, tukiwa madereva wawili kwenye gari moja na tairi hazipoi, mambo yaligeuka: 205 zikawa zinateleza kwa joto, tukawa tunazimwagia maji kwa bomba la kunyunyizia dawa ya maua kati ya mizunguko. Dereva peke yake na gari jepesi, ningeanza na nyembamba. Madereva wawili, au gari zito la magurudumu manne yanayovuta, pana.

Ukitaka kulinganisha, usifanye asubuhi tairi hii na mchana ile. Lami hupata joto na wewe unaijua njia. Chochote utakachofunga mchana kitaonekana bora. Funga ya kwanza, kisha ya pili, kisha rudisha ya kwanza. Na kabla hujalaumu upana, cheza na upepo. Paka chaki kwenye bega la tairi, kimbia, uone imefutika hadi wapi. Ikivuka kile kialama cha pembetatu kilicho ubavuni, ongeza psi 2. Isipokikaribia, punguza.

Zile 225 niliziuza mwaka uliofuata, na mnunuzi nilimwambia ukweli wote. Sasa nina 15 kwa 7.5, ET35, na 205/50R15 za treadwear 200, na ukingo wa madigadi umekunjwa na fundi anayejua kazi yake. Tairi hizi za kiangazi hazipendi baridi ya hapa. Mpira ukiganda na ukaupinda unaweza kupasuka. Kwa hiyo kuanzia Novemba zinakaa chumbani, karibu na kabati la nguo. Mke wangu amezifunika kwa leso ya Mombasa, na wageni hudhani ni stuli.