Kabla ya kusaini mahudhurio, soma juu ya karatasi

Kijijini kwetu Kilolo, mkutano mkuu unafanyika uwanja wa shule, asubuhi, ukungu haujainuka. Watu wanafika wamejifunika, wanasaini mahudhurio, wanasikiliza taarifa mbili tatu, kisha wanawahi shamba. Nami nilifanya hivyo miaka mingi, na sahihi yangu ikaja kutuumiza.

Kiangazi kimoja tulikuta mtu wa mjini ameshapimiwa eneo lililo juu kidogo ya vinyungu vyetu, apande milingoti, yaani mikaratusi. Kwa msio wa huku: vinyungu ni bustani za bondeni tunazolima wakati hakuna mvua. Mahindi mabichi na maharage ya huko ndiyo yanayonunua madaftari ya watoto. Milingoti ikishakua karibu na chemchemi, maji yanapungua, kila mkulima wa hapa analijua hilo.

Tukaenda ofisini. Mtendaji wa kijiji akafungua faili na kutusomea muhtasari: mkutano mkuu wa kijiji umeridhia. Nyuma yake ilibanwa karatasi ya majina. La kwangu lilikuwa la kumi na nne, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Siku ile tulijadili choo cha shule. Ardhi haikutajwa hata mara moja. Niliumia sana, kwa sababu hakuna aliyenighushia sahihi. Juu ya karatasi ile palikuwa patupu nilipoisaini, wala sikuuliza.

Wengi tunadhani mwenyekiti ndiye kijiji. Mwenyekiti tunamchagua sisi, kila baada ya miaka mitano. Mtendaji ni mwajiriwa wa halmashauri ya wilaya. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe kati ya 15 na 25. Juu ya wote hao upo mkutano mkuu, yaani kila mkazi aliyefikisha miaka 18, awe na shamba au hana. Ibara ya 8 ya Katiba ya Tanzania ya 1977 inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na huku kwetu maneno hayo yanaonekana kwa macho pale uwanjani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi mpaka mkutano mkuu uwe umeridhia. Ndiyo maana majina yetu yalihitajika.

Kwa hiyo ndugu yangu, karatasi ikikufikia, angalia juu: tarehe ipo? Ajenda zimeandikwa? Kama hazipo, omba ziandikwe kwanza, kwa upole, lakini usiipitishe kwa jirani. Muhtasari wa kikao kilichopita usomwe wote kabla ya kuthibitishwa. Na usiondoke kabla ya "mengineyo". Mambo mazito hupenda kuletwa hapo, watu wameshachoka na nusu ya uwanja umebaki wazi. Mapato na matumizi nayo yasomwe, hiyo ni haki yenu.

Kelele hazikutusaidia. Tulishapiga kelele pale ofisini, tukarudi nyumbani mikono mitupu. Kilichosaidia ni mama mmoja mwenye kinyungu. Mkutano uliofuata aliomba muhtasari usomwe neno kwa neno. Ulipofika kwenye ardhi, watu waliguna. Akangoja watulie, akasema: "Mwenyekiti, naomba iandikwe kwamba jambo hili hatukulijadili." Mtendaji akaandika, sisi tukiitazama kalamu. Suala likafunguliwa upya, watu wakahesabiwa mikono, na sehemu ya bondeni ikabaki ya kijiji. Kule juu mwenye milingoti alipewa, wengi waliona ni sawa. Mimi sikukubali, nikashindwa kwa kura.

Mkutano mkuu unapaswa kuitishwa walau kila baada ya miezi mitatu. Kama kwenu imepita zaidi ya hapo, nenda kesho kamuulize mwenyekiti wako tarehe.