Mbao za Magitaa na Kazi Zilizoachwa Njiani: Je, Ni Lazima Zichomwe?

SWALI: Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sheikh wangu, mimi ni fundi ambaye kwa miaka mingi nimekuwa nikiunda magitaa. Nimeacha kazi hiyo kwa ajili ya Allah, na viungo vya mikono yangu sasa vinauma kiasi kwamba nisingeweza kuiendeleza hata kama ningetaka. Karakanani nimebakiwa na mbao za mpingo, mwerezi na mkangazi nilizozikausha kwa miaka, pamoja na magitaa sita ambayo hayajakamilika. Moja nililianza pamoja na marehemu baba yangu, na jingine nililipokelea malipo ya awali. Ndugu mmoja mwenye elimu ameniambia nichome kila kitu, nisimpe mtu hata kipande, na kwamba sala zangu hazikubaliwi maadamu mbao hizo zimo nyumbani. Mke wangu anasema hiyo ndiyo akiba yetu. Nifanye nini?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, na limenihuzunisha, kwa kuwa mtu aliyerudi kwa Mola wake kwa hiari yake amepokewa kwa vitisho, tena vitisho vilivyojengwa juu ya hukumu ambayo vitabu vya madhehebu yetu ya Shafi vinasema kinyume chake. Hukumu ya ala za nyuzi katika madhehebu haya, kwamba ni haramu, unaijua, na ndiyo iliyokufanya uache, kwa hiyo sitairudia. Ulichouliza kinahusu mali, na mali ya Mwislamu ina heshima yake.

Mbao ambazo bado ni mbao hazina utata. Ubao wa mwerezi uliopasuliwa na kukaushwa kwa ajili ya uso wa gitaa haujawa gitaa, na nia uliyokuwa nayo siku ulipoununua haikuingia ndani ya ubao. Ilikaa moyoni mwako, na toba imeiondoa. Mwenyezi Mungu amesema kwamba Yeye ndiye aliyetuumbia vyote vilivyomo katika ardhi (Al-Baqara: 29), na hakuna anayeweza kutoa kitu katika uhalali huo ila kwa dalili. Ni mali yako: waweza kuuza, kutoa sadaka, kumpa rafiki au kuwaachia warithi wako.

Ndugu yetu anayetaka moto hutegemea, kama nilivyowahi kusikia hoja hizi zikitolewa, mambo mawili. La kwanza ni ndama wa Bani Israili, ambaye Nabii Musa (amani iwe juu yake) aliapa kumchoma kisha kumtawanya baharini (Taha: 97). La pili ni mvinyo: Sahaba Abu Talha alipouliza juu ya mvinyo uliorithiwa na mayatima, Mtume (rehema na amani ziwe juu yake) aliamuru umwagwe, ingawa wenyewe walikuwa mayatima.

Hoja ya ndama haisimami, kwa kuwa ndama yule aliabudiwa kinyume cha Mwenyezi Mungu, na kuchomwa kwake kulikuwa kuwaonyesha wale waliomsujudia kwamba hawezi kujilinda mwenyewe. Nani aliyeusujudia ubao wako wa mkangazi? Ama mvinyo, katika madhehebu yetu wenyewe ni najisi na hauna thamani ya kisheria, ilhali ubao ni twahara na una thamani. Ukitaka kupata mfano ulio karibu, basi ubao wako ni zabibu, wala si mvinyo, na hakuna mwanachuoni aliyemwamuru mkulima aliyetubu kuuza zabibu kwa watengeneza mvinyo achome shamba lake. Mfano ulio karibu zaidi ni wa mbuzi wa Maimuna, katika Hadithi ya Bukhari na Muslim. Mtume alimpita mnyama aliyekufa, akauliza kwa nini hawakuichukua ngozi yake wakaitengeneza na kunufaika nayo. Walipomwambia kuwa ni mzoga, akajibu kwamba kilichoharamishwa ni kumla. Tazama jinsi alivyouzuia uharamu usivuke mpaka wake, hata kwa mzoga.

Linalonishangaza zaidi ni kwamba suala hili limeandikwa waziwazi. Imamu an-Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, anasema katika Minhaj, kitabu chake cha fiqhi ya madhehebu yetu, mlango wa unyang'anyi, kwamba masanamu na ala za pumbao, kwa kauli iliyo sahihi zaidi, hazivunjwi mvunjo wa kuangamiza, bali hutenganishwa ili zirudi kama zilivyokuwa kabla ya kuunganishwa. Ameyataja masanamu na ala katika sentensi moja, na yote mawili ameyahukumia kutenganishwa. Wenye kukisherehesha kitabu hicho wakaongeza kwamba kuzichoma hakufai pale ambapo kutenganisha kunawezekana, kwa sababu vipande vinavyobaki ni mali yenye heshima. Ikiwa hivi ndivyo ilivyo kwa ala iliyokamilika, tena iliyomo mikononi mwa mtu asiyetubu, vipi kwa gitaa ambalo halijawahi kutiwa hata uzi mmoja, mikononi mwa aliyekwisha kuacha? Na Mtume ametuambia kwamba Mwenyezi Mungu anatuchukizia kupoteza mali.

Ama maneno kwamba sala zako hazikubaliwi, hayo yaondoe moyoni. Sala ina masharti yanayojulikana, na kutokuwa na mbao karakanani si mojawapo. Anayesema jambo kama hilo bila dalili anasema juu ya Mwenyezi Mungu asilolijua, na hilo ni zito kuliko rundo lolote la mbao.

Magitaa sita ndiyo yanayohitaji uangalifu. Usimpe mtu ambaye unajua kwamba atayakamilisha, hata kama si Mwislamu, kwa kuwa hapo utakuwa umeisaidia kazi ileile uliyoiacha. Yatenganishe. Wewe unajua kuliko mimi kwamba gundi ya ngozi, na nyingi katika gundi za mbao, hulegea kwa joto na mvuke, hivyo uso, mgongo na shingo vitatoka vikiwa vizima. Mbavu zilizokwisha kukunjwa ni vigumu kuzinyoosha tena, lakini zinafaa kwa visanduku vya mviringo. Vikisharudi kuwa vipande, hukumu yake ni ya mbao.

Unapouza au kugawa, ukijua kwa yakini kwamba mchukuaji atatengenezea ala, ni haramu kumpa. Ukishuku tu, ni makuruhu, yaani haipendezi ingawa si haramu. Na usipojua, hukulazimishwa kupekua nia za watu. Chukua bei ya mbao, wala usichukue nyongeza kwa kumsifia mnunuzi jinsi ubao unavyotoa sauti nzuri.

Malipo ya awali yarudishe yote, na haraka. Kazi haikufanyika, na toba yako kwa Mola wako haifuti haki ya mja. Kama mteja alileta mbao zake mwenyewe, mrudishie pia, kwani ni amana.

Ama mpingo, huo ni katika jamii ya miti inayoitwa Dalbergia, ambayo tangu Januari 2017 yote imo chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini kutoweka, na mmoja wao wa Brazili, Dalbergia nigra, umezuiwa kwa ukali zaidi tangu 1992. Ukimpelekea mtu wa nchi nyingine, tafuta kibali kwanza. Tumeamrishwa kutimiza mikataba, na sadaka haipelekwi kwa njia ya magendo. Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.

Hiyo ndiyo hukumu, lakini naona swali lako lina uzito mwingine. Umeacha gitaa, na ninahofia kuwa umeambiwa, au umejiambia, kwamba miaka yako yote ya ufundi ilikuwa bure. Nabii Zakaria alikuwa seremala, kama ilivyo katika Sahihi ya Muslim. Sahaba Abu Dharr alipomuuliza Mtume juu ya amali bora, miongoni mwa aliyotajiwa ni kumsaidia fundi, au kumfanyia kazi asiyeiweza. Mikono yako inauma, lakini macho yako bado yanajua ubao upi umekauka sawasawa na upi utapinda baada ya mwaka, na kijana anayeanza useremala hana pa kuununua ujuzi huo. Uza sehemu ya mbao kwa ajili ya akiba ya nyumba yako, kwani mkeo amesema kweli na ana haki juu yako. Sehemu nyingine mpe kijana mwaminifu, ukae naye karakanani huku yeye akishika randa na wewe ukimwelekeza.

Gitaa la baba yako liache liwe la mwisho, usilifanye siku ambayo moyo umejaa. Ukilitenganisha, shingo yake, ikiwa ni ya mkangazi kama nyingi zilivyo, huenda ikatosha marufaa ndogo ya kuwekea Msahafu. Kama mikono haitakuruhusu, kijana huyo aipasue mbele yako, kisha uwe ukisoma juu yake na kumwombea dua mzee wako.