ULIZA UJIBIWE: Bendi inajaza baa, magazeti kimya

Swali: Mzee, habari ya kazi. Sisi ni bendi ya watu sita hapa Arua, tunapiga adungu tatu (vinubi vya asili), gita la besi na drams, nyimbo ziko kwa Kilugbara, Kialur na Kiswahili. Jumamosi tunapiga kwenye baa moja karibu na stendi, watu wanajaa mpaka wengine wanasikilizia nje. Harusi pia tunapata. Shida ni magazeti na redio, hakuna anayetutaja hata mstari mmoja. Tulituma meseji kwa gazeti moja kubwa la Kampala, tukatuma na picha ya posta ya bendi na link ya video, kimya. Ama ni lazima uwe Kampala ndio uandikwe? Sasa tunataka kutoa albamu ya kwanza na uzinduzi tunafikiria kufanyia Rhino Camp, kwenye makazi ya wakimbizi, maana mpiga drams wetu anaishi kambini kule. Mpiga adungu, Arua.

Jibu: Mdogo wangu, habari yenyewe umeiweka mkiani. Hiyo sentensi yako ya mwisho ndio mwandishi anaitafuta, na naweza kubeti kwamba kwenye meseji ya Kampala haikuwemo, mlisema tu nyinyi ni bendi kali na video iko hapa. Sasa mhariri afanye nini na ukali wenu? Afrigo Band wako tangu 1975, wakitajwa tu watu wanasoma. Nyinyi bado jina halijafika hapo, kwa hiyo mpeni tukio lenye tarehe, mahali na sababu ya mtu asiyewajua kujali. Bendi inatoka mjini inaenda kuzindulia albamu kwenye makazi ya wakimbizi, na kinubi cha Waalur kinapigwa pamoja na drams za mtu wa kambini, hiyo inaandikika hata na mtu asiyependa muziki.

Lakini kabla hamjaitumia muulizeni mpiga drams mwenyewe kama anataka. Kuna watu wamechoka kuitwa mkimbizi kila wakifungua mdomo, anataka aitwe mpiga drams basi. Akikataa, msimsukume, hadithi zingine zipo. Kwa mfano hizo adungu zenu nani anazichonga, ngozi mnapata wapi, ile kubwa ya besi inabebwaje kwa boda? Msidhani kwa sababu kwenu ni kitu cha kila siku na kwa msomaji wa Mbarara ni hivyo hivyo.

Kuhusu Kampala, achaneni na namba ya ofisi kwanza. Magazeti makubwa kama New Vision na Daily Monitor yana waandishi wao huku mikoani, na wengi wanalipwa kwa stori iliyotoka, isipotoka hakuna kitu. Huyo mtu anazunguka Nebbi, Koboko, Yumbe, leo ajali kesho siasa, na yeye ndiye ambaye mhariri anamsikiliza. Mtafuteni mapema, si siku ya shoo asubuhi. Nunueni gazeti (ndio, nunueni), angalieni jina juu ya habari za West Nile, yaani za huku kwenu, kisha ulizieni pale redioni, Arua si kubwa hivyo na waandishi wanajuana. Kuna pia Uganda Radio Network, wao wanatengeneza habari halafu vituo vya redio sehemu nyingi za nchi vinazichukua, kwa hiyo stori moja ikikubaliwa inaweza kusikika Gulu na Kabale bila nyinyi kupanda basi.

Na redio ndio ningeanza nayo kabla ya gazeti lolote. Watu wenu wa kijijini hawanunui gazeti, wanasikiliza matangazo ya vifo, mpira na salamu. Mna Arua One, mna Radio Pacis, nendeni na adungu yenyewe sio flashi peke yake. Adungu haihitaji umeme wala mafundi wanne, unakaa mbele ya maiki unapiga, prezenta anafurahi maana kipindi kimepata uhai. Mmoja wenu tu ndio aongee, yule anayejibu kwa ufupi, na tarehe ya shoo aitaje mwanzo na mwisho. Nimesikia bendi zimepewa nusu saa nzima studio wakaimaliza kwa kusalimia ndugu, hakuna aliyejua shoo ni lini.

Meseji ya kumtumia mwandishi iwe fupi: nani, nini, lini, wapi, kwa nini, na namba ya simu ambayo inashikwa. Picha ndio watu wengi wanaharibu. Ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida inabanwa na gazetini inatoka ukungu, itume kama dokumenti. Ipigwe mchana, vyombo vionekane, moja simu ikiwa imelazwa na moja ikiwa imesimama, majina ya watu kutoka kushoto kwenda kulia. Msiweke posta yenye maandishi ya moto na nyota, hakuna gazeti litaichapa hiyo bure. Na wimbo uwe na jina lake na la bendi, prezenta akipokea kitu kinaitwa "final final 3" kesho hatakipata kwenye simu.

Shoo ikiisha, usiku huo huo mtumieni picha mbili na idadi ya watu ya ukweli, labda hakuweza kufika na bado anahitaji stori.

Swali: Prezenta mmoja anataka tumpe 50,000 kila wiki ndio apige wimbo wetu. Hii ni kawaida? Msanii, Bwera.

Jibu: Inatokea sana, lakini usilipe, maana ukiacha kulipa na wimbo unaacha kusikika. Sheria ya wanahabari ya 1995 ina kanuni za maadili zinazokataza mwandishi kuomba au kupokea hongo ili achapishe habari au aifiche. Najua atakwambia yeye ni wa muziki, si mwandishi. Sawa, basi mwambie mnataka tangazo, mwende ofisini mpewe bei na risiti. Kama wewe ndiye umemuita mwandishi mbali, nauli ya boda ni kitu kingine na muongee wazi kabla hajatoka. Hizo elfu hamsini kodini spika mpige soko la Mpondwe siku ya soko, Wakongo wanavuka na Kiswahili chao, halafu muiteni prezenta wa kituo kingine aje aone mwenyewe.